Nani Mwenye Wimbo wa Hodi? Kisa cha Kijitabu cha Dukani, Tabora

Ugomvi ulianzia studio, haukuanzia ngomani. Kijana mmoja wa Isevya, mwenye studio ndogo ya kurekodi muziki, aliuchukua wimbo wa harusi ambao watu wazima wengi wa Tabora mjini wanaujua, akautia kinanda na midundo ya kompyuta, akauachia. Ukaanza kusikika kwenye bajaji, kwenye saluni, kwenye kumbi za sherehe. Mahali pa jina la mtunzi aliandika "wimbo wa asili". Hapo ndipo moto ulipowaka.

Kikundi cha ngoma cha akina mama wa Ng'ambo kilisema wimbo ni wao, wameurithi kwa bibi zao, na kijana aliwarekodi kwa simu harusini bila hata kuwaomba. Familia moja ya Cheyo ikasema hapana, wimbo ni wa babu yao, karani wa reli aliyefariki mwaka 1983, na daftari lenye maneno yote kwa mwandiko wake lipo. Kijana akajitetea kwamba nyimbo za harusi hazina mwenyewe. Shauri likafika kwa afisa utamaduni, naye akaniita mimi, kwa kuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi na nina ugonjwa wa kupenda makaratasi ya zamani. Aliniomba nitazame ushahidi na kuandika ninachoona. Majina ya wahusika nimeyaacha makusudi. Tabora ni mji, lakini kwa umbea ni kijiji.

Huu hapa wimbo kama unavyoimbwa Ng'ambo. Ni wa majibizano: upande wa mwali umefunga mlango, upande wa bwana harusi umesimama nje.

Hodi hodi ya nani usiku wa manane?
Kama u mgeni wa heri, taja ulikotoka.

Doti tumeipokea, na asali iko wapi?
Mwana wetu hatoki, kibuyu hakijafika.

Natoka mbali, mama, miguu ina vumbi,
Nimebeba doti ya kanga nimfunike mwanao.

Kibuyu kiko njiani, wabebaji wamechoka,
Fungua mlango, mama, asali itaingia.

Msomaji makini ameshaona tatizo. Upande wa mwali unauliza "nani?", na kabla mtu wa nje hajafungua kinywa, wanasema doti wameshaipokea. Doti ipi? Mgeni hajataja jina wala alikotoka, na doti yake anakuja kuitaja katika ubeti wa tatu. Halafu anazungumza mara mbili mfululizo, kama walivyozungumza wale wa ndani.

Nilimuuliza kiongozi wa kikundi. "Mwalimu, wewe unasoma, sisi tunacheza," alinijibu, akacheka, kisha akanieleza bila kusita: doti inayotajwa mwanzoni ni ile ya posa, iliyokwisha kupelekwa zamani, na wa kike wanauliza mara mbili kwa sababu mwana haulizwi mara moja kama mbuzi wa mnadani. Ni maelezo mazuri, na sidhani aliyatunga pale pale. Amefundishwa hivyo. Lakini maelezo mazuri ya jambo lisilokaa sawa ndiyo yanayonifanya nizidi kutafuta, maana watu hueleza zaidi pale ambapo wimbo wenyewe hausemi.

Mtu mmoja kikaoni alitaka tuamini kwamba wimbo ulitoka kwenye santuri za bendi za hapa. Mji huu una haki ya kujisifu kwa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, na kila wimbo usio na baba hupenda kupewa ubaba wa bendi. Alipoombwa kutaja santuri, hakuwa nayo. Tukaendelea.

Daftari la babu

Daftari la familia ya Cheyo ni ushahidi halisi, si maneno ya kahawani. Ni daftari la shule la mistari, limeliwa na mende pembeni, na babu alilitumia kuandika zamu zake za kazi, madeni madogo madogo, na katikati yake, nyimbo. Wimbo wa Hodi uko kati ya kurasa mbili za zamu za mwaka 1957. Mwandiko ni ule ule, wino ni ule ule. Kwa hiyo tarehe ya kuandikwa haina shaka: babu aliuandika wimbo huu mwaka 1957 au karibu sana na hapo.

Ameziandika beti nne kwa mpangilio ule ule wa Ng'ambo. Kisha akaongeza beti mbili ambazo akina mama hawazijui kabisa. Ya kwanza ndiyo iliyompendeza kijana wa studio hata akaweka mlio wa honi nyuma yake:

Gari la moshi lalia stesheni ya Tabora,
Mwali pandisha mguu, Kigoma kunapambazuka.

Ya pili inahusu tiketi ya daraja la tatu, na kusema kweli ni dhaifu.

Familia ilisimamia hoja moja: mwandiko ni wake, daftari ni lake, kwa hiyo wimbo ni wake. Mjukuu mmoja aliongeza kwamba babu aliwahi kuupeleka gazetini, Mambo Leo, na inawezekana, kwani gazeti lile la Kiswahili lililoanza 1923 lilikuwa likichapa mashairi ya wasomaji kila toleo. Hakuwa na toleo wala mwaka. Na mwandiko, kwa bahati mbaya ya familia, unathibitisha nani aliandika tu. Nina daftari langu la ujana lililojaa nyimbo za watu. Mtu akilikuta miaka hamsini baada yangu, asije akanizushia utunzi.

Kijitabu chatokea

Habari za ugomvi zilipoenea, mama mmoja mshonaji wa karibu na soko alikuja na kijitabu kidogo kilichokuwa kwenye sanduku la bati la marehemu mama yake. Hakina jalada wala ukurasa wa kwanza. Kina nyimbo ishirini, na chini ya karibu kila ukurasa kuna tangazo: baiskeli, taa za chemli, sabuni ya kufulia, dawa ya kichwa, doti za kanga, redio ya betri. Mama huyo alikumbuka kusimuliwa kwamba kiligawiwa bure dukani kwa kila aliyenunua nguo ya kufikia kiasi fulani. Mwenye duka alitaka jina lake liingie nyumbani mwa watu, na njia rahisi ya kuingia nyumbani ni kupitia wimbo.

Kimechapwa lini? Ukurasa wa mwaka umepotea, lakini matangazo yenyewe yanasema. Bei ziko kwa shilingi na senti, kwa hiyo tuko baada ya 1921, fedha hiyo ilipoanza kushika nafasi ya rupia. Tahajia ni ya Kiswahili Sanifu. Hamna "khabari" hata moja, nayo inatupeleka baada ya Kamati ya Lugha kuanza kazi mwaka 1930. Anwani ya duka inasema "Tabora, Jimbo la Magharibi", jina la utawala wa Mwingereza ambalo halikuishi muda mrefu baada ya Uhuru. Halafu tangazo la redio linawaambia wanunuzi wasikilize Sauti ya Dar es Salaam, na kituo hicho kilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Basi kijitabu ni cha baada ya hapo.

Sasa ukurasa wenyewe. Wimbo wa Hodi umepangwa kwa safu mbili ili nafasi ibaki ya tangazo chini. Safu ya kushoto ina "Hodi hodi ya nani", na chini yake "Natoka mbali, mama". Safu ya kulia ina "Doti tumeipokea", na chini yake "Kibuyu kiko njiani". Hakuna namba za beti wala mstari wa kutenganisha safu. Ukisoma kwa kushuka, kushoto kwanza kisha kulia, wimbo unakaa sawa kabisa: anaulizwa, anajibu na kuitaja doti, wanaipokea doti na kudai asali, anajibu kwamba asali inakuja. Ukisoma kwa kuvuka, kutoka kushoto kwenda kulia kama tunavyosoma mstari wowote, unapata mpangilio wa Ng'ambo. Na unapata mpangilio wa daftari la babu.

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Mpangilio wa kuvuka hauwezi kuzuka wenyewe vinywani mwa waimbaji. Unahitaji karatasi ya safu mbili na msomaji aliyekosa kujua safu zinavyokwenda. Kwa hiyo yeyote anayeimba hivyo, yeye au aliyemfundisha, alijifunza kwenye kijitabu hiki au kwenye nakala yake. Akina mama wa Ng'ambo wanaimba kitabu, ingawa wengi wao hawajawahi kukiona. Babu wa Cheyo alinakili kitabu.

Mtu atauliza: je, kama ni kinyume chake? Kama mwenye duka ndiye aliyeuchukua wimbo kwenye daftari la babu? Wakili wa familia, kijana mwenye akili, aliuliza swali hilo hilo. Jibu liko kwenye safu. Mpiga chapa anayenakili daftari huanza na ubeti wa kwanza wa daftari na kushuka nao. Daftari linakwenda hodi, doti, natoka mbali, kibuyu. Angepanga safu ya kushoto hodi na doti. Kitabu kina hodi na natoka mbali. Njia inakwenda upande mmoja tu, kutoka kitabuni kwenda daftarini, na kwa kuwa daftari ni la 1957, kijitabu kilikuwa tayari mitaani kabla ya mwaka huo kwisha. Kati ya 1951 na 1957: kwa kipande cha karatasi kisicho na jalada, hilo ni pato kubwa.

Mpaka hapo wengi kikaoni walidhani kazi imekwisha. Mwenye duka ndiye mwenye wimbo, au mtunzi wake asiyejulikana. Nikawaambia bado.

Wanaochapa nyimbo ili kuuza vitu

Nitoke Tabora kidogo, kwa sababu kazi hii ya kutafuta chimbuko la nyimbo kwenye vitabu vya matangazo ina historia ndefu kuliko ugomvi wetu, na Wamarekani wameifanya sana.

Huko, karne ya 19, wauza dawa walikuwa wakigawa vijitabu vya nyimbo kama njugu. Kampuni ya Hamlin's Wizard Oil ya Chicago, iliyoanza 1861 kwa mikono ya ndugu wawili, mmoja wao mfanya mazingaombwe, ilituma waimbaji mji hadi mji kwa magari ya farasi yenye kinanda. Waliimba bure, wakauza dawa ya kuchua, wakagawa vijitabu vyenye maneno ya nyimbo na sifa za dawa. Mwaka 1916 kampuni ilitozwa faini ya dola 200 kwa kudai kwamba dawa huponya saratani. Dawa imesahaulika, vijitabu vimebaki, na leo ni hazina kwa mtu anayetaka kujua wimbo fulani ulikuwa ukiimbwaje wakati huo.

Redio ilipokuja, kazi ikawa kubwa zaidi. Kituo cha WLS cha Chicago kilianzishwa 1924 na kampuni ya Sears, Roebuck, na herufi zake ni kifupi cha majigambo ya duka kubwa kuliko yote duniani. Bradley Kincaid, mwimbaji kutoka Kentucky, alikuwa akiimba hapo nyimbo za kwao milimani, na mwaka 1928 akatoa kitabu chake cha kwanza cha nyimbo, kilichouzwa nakala zaidi ya laki moja. Duka nalo likauza gitaa lenye jina lake. Wimbo ulioombwa kuliko mwingine ulikuwa "Barbara Allen". Mtu asiyejua angesema umezaliwa kwenye kitabu hicho, kwa kuwa familia nyingi zilijifunzia hapo. Lakini Samuel Pepys, mtumishi wa serikali huko London, aliandika katika shajara yake tarehe 2 Januari 1666 kwamba amemsikia mwigizaji mmoja akiuimba. Kitabu na shajara vimepishana miaka 262.

Na kuna kesi ya "Home on the Range". Mwaka 1934 mume na mke wa Arizona walidai nusu milioni ya dola, wakisema wimbo huo, uliokuwa ukipigwa kila redio, ni wao na waliuchapisha mwanzoni mwa karne. Wakili Samuel Moanfeldt alitumwa kuzunguka magharibi ya Marekani kuutafuta. Alikuta wazee waliouimba kabla ya 1880, na akakuta shairi lenyewe katika gazeti la Kansas la miaka ya 1870, kazi ya daktari aliyeitwa Brewster Higley. Dai la wale wawili likaanguka. Wao pia walikuwa na karatasi, karatasi halali, ila kulikuwa na karatasi iliyotangulia.

Kutokana na hayo mimi nachukua msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Kijitabu cha matangazo ni shahidi mzuri wa tarehe na shahidi mbaya wa uzazi. Kinakwambia wimbo ulikuwapo siku kilipochapwa. Zaidi ya hapo, kwa hali yake ya biashara, kinaelekeza kwamba ulikuwapo kabla: mwuza duka anayetaka kitabu chake kiwekwe nyumbani hatachapa wimbo ambao hakuna anayeujua. Anachapa unaopendwa. Katika nyimbo ishirini za kijitabu cha Tabora kuna wimbo wa askari wa Keya (jeshi la Mwingereza), tenzi za kanisani, na vipande vya taarabu ambavyo watu wa pwani wangevitambua mara moja. Hakuna uliotungiwa duka, isipokuwa mmoja wa baiskeli ambao nitautaja tena.

Lakini mwuza duka ana mkono. Haugusi wimbo wote. Anaugusa pale bidhaa yake ilipo. Ndiyo maana kabla ya kuliamini neno lolote katika kitabu cha namna hii mimi hushusha macho chini ya ukurasa nione kinachouzwa. Chini ya wimbo wa Hodi kuna tangazo la doti za kanga.

Merikani

Kwa hiyo nilitoka mjini. Nilikwenda vijiji vya barabara ya Sikonge, na upande wa Ndono, nikawatafuta wanawake waliofundwa huko huko, ambao mama zao hawakuwa wateja wa maduka ya mjini. Sikuwaomba waimbe kwa pamoja. Kundi likiimba, wote humfuata mwenye sauti kubwa, na unabaki na shahidi mmoja aliyevaa nguo kumi. Niliwaomba mmoja mmoja aniambie maneno.

Bibi wa kwanza niliyemwamkia alinitazama kwa mashaka, mzee mzima anauliza nyimbo za kumtoa mwali. Baada ya kuhakikishiwa kwamba sitafuti mke, alisema beti nne kwa mpangilio ulio sawa: swali, jibu, swali, jibu. Na katika jibu la kwanza alisema "nimebeba doti ya merikani". Nikamuuliza kama si kanga. Akasema kanga ni ya watu wa mjini.

Wengine wa njia hiyo walisema vivyo hivyo. Huko Ndono bibi mmoja alisema kaniki, wengine merikani. Kanga sikuisikia kwa yeyote aliyejifunza wimbo nje ya mji, wala mpangilio wa kuvuka safu.

Hapa pana haja ya kwenda polepole. Merikani ni kitambaa kile cha pamba, kisichopakwa rangi, kilichoitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani, na katika biashara ya misafara kilikuwa fedha. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwaka 1857, walilipia chakula, wapagazi na hongo kwa mikono ya merikani. Doti ilikuwa mikono minane. Bibi mmoja aliponiambia wimbo ni wa enzi za Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, alikuwa na neno hilo kichwani. Mimi siendi naye mpaka huko. Merikani iliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya misafara kwisha na reli kufika Tabora mwaka 1912, kwa hiyo neno la zamani linaweza kuwa kwenye wimbo wa baadaye.

Linachothibitisha ni mwelekeo. Hakuna mtu anayetoa kanga, ambayo kila bi harusi anaivaa, akaweka kitambaa ambacho hakipo tena dukani. Watu hubadilisha kisichojulikana kuwa kinachojulikana. Basi ama waimbaji wa mjini walibadilisha merikani kuwa kanga, au mwuza kanga alifanya hivyo kwa mkono wake mwenyewe alipopanga ukurasa juu ya tangazo lake. Mimi naamini la pili, kwa sababu kila anayeimba kanga anaimba pia kwa kuvuka safu. Alama mbili zinatembea pamoja, na zote mbili zinaanzia ukurasa ule mmoja. Vijijini hazipo zote mbili. Wimbo wa vijijini haukupita dukani.

Anayetaka kuusogeza nyuma zaidi ana pa kwenda, ila si Cheyo wala Ng'ambo. Erich von Hornbostel wa Berlin alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi katika jarida la Anthropos mwaka 1909, na Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake za kurekodi mwaka 1950. Rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Nimemwandikia afisa utamaduni kwamba manispaa iombe orodha. Barua kama hizo huchukua muda wake.

Nilichoandika

Kwa familia ya Cheyo niliandika kwamba babu yao hakuutunga wimbo wa Hodi; aliunakili kwenye kijitabu cha dukani. Lakini beti mbili za mwisho, ya gari la moshi na ya tiketi, haziko kitabuni, haziko Ng'ambo, haziko vijijini, na zinanukia stesheni kuliko kisima. Sina sababu ya kumnyima. Mfano ulio wazi kwetu sote ni wimbo wetu wa taifa: Enoch Sontonga wa Afrika Kusini alitunga ubeti wa kwanza na kiitikio cha "Nkosi Sikelel' iAfrika" mwaka 1897, kisha mshairi Samuel Mqhayi akaongeza beti saba, na hakuna anayempa mmoja sifa ya mwenzake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Babu alifariki 1983. Beti zake mbili ni mali ya warithi hadi 2033, na kijana ametumia mojawapo, tena ile iliyoufanya wimbo upendwe.

Kwa kijana niliandika kwamba alikuwa sahihi kuandika "wa asili" juu ya beti nne, na si sahihi juu ya ya tano. Asidhani pia kwamba neno "asili" ni ruhusa ya bure: sheria hiyo hiyo ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake kunahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Zaidi ya hayo, vigelegele na kiitikio katika rekodi yake ni sauti halisi za akina mama wa Ng'ambo, zilizokatwa kutoka kwenye simu. Mwimbaji ana haki katika sauti yake hata kama wimbo si wake. Hilo halihitaji kijitabu wala safari ya Sikonge. Linahitaji aibu kidogo.

Kwa akina mama ndipo palikuwa pagumu. Niliwaeleza safu mbili, nikawaonyesha ukurasa. Kiongozi wao aliusoma kwa kuvuka, kisha akausoma kwa kushuka, akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu, kitabu kimekosea. Sisi hatujakosea." Ana hoja. Miaka sitini na zaidi ya kuimba hivyo imeupa mpangilio ule haki yake. Una mwendo wake wa miguu, una mahali pake pa kigelegele, una hata falsafa yake ya mwana kuulizwa mara mbili. Sikupendekeza waubadilishe. Nilichokataa ni kuandika kwamba wa vijijini wamewaiga wao.

Maandishi ya utambulisho yaliyokubaliwa kikaoni ni haya: wimbo wa jadi wa Unyanyembe, kama unavyoimbwa Ng'ambo, ubeti wa tano umetungwa na karani wa reli, jina lake kamili likafuata, sauti za kiitikio ni za kikundi, jina lake likafuata. Mgawo wa fedha walipanga wenyewe mbele ya afisa, na sikuwapo. Familia ilitia saini siku ile ile, bila furaha. Kijana alitia saini haraka mno, nadhani kwa sababu wimbo ulikuwa umeshaanza kupitwa na mwingine. Kiongozi wa Ng'ambo alidai neno "Ng'ambo" litangulie "Unyanyembe", na karatasi ikarudi kuchapwa upya.

Kijitabu kimerudi kwenye sanduku la bati. Mwenyewe hataki kukiacha ofisi yoyote, nami sikumshawishi. Ameniruhusu kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Zimebaki nyimbo kumi na tisa. Ule wa baiskeli ubeti wake wa mwisho unataja bei na jina la mtaa wa duka, na nimeshaanza kuulizia Urambo kama kuna anayeuimba bila bei.